Nani Anakaa Mbele ya Boti Yako?

Dayton, Ohio
20 Juni 1991

Orville, mzee wangu,

Salamu kutoka kwenye joto la kiwanda. Dada yangu Inez amenikatia kipande cha gazeti la huko nyumbani, na hivi ninavyoandika nimekibandika ukutani juu ya jiko, nakitazama. Kumbe umeshinda mashindano ya uvuvi ya Jumamosi usiku! Samaki aina ya besi watano, na yule mkubwa mdomo wake unaweza kumeza kofia yangu. Hongera sana, bwana. Tumeshindana pamoja miaka kumi na saba hatujawahi kupata mzigo kama huo, nami kuhamishiwa kiwanda cha huku tu, umeupata. Sijui nicheke au ninune.

Lakini nina swali. Nyuma yako kwenye picha boti inaonekana. Nimeazima kioo cha kukuzia kwa jirani, nikahesabu fimbo za kuvulia zilizoegemea kiti cha mbele. Ziko mbili. Moja naijua tangu ilipotoka dukani. Ya pili ni fupi, ina mpini wa rangi nyeupenyeupe, siijui. Na kwenye barua yako ya Mei uliniambia msimu huu unavua peke yako mpaka nitakaporudi.

Sikushutumu, nauliza tu. Unajua mapatano yetu. Ile mierezi thelathini na moja tuliikata wawili, tukaifunga matofali wawili, tukaizamisha ziwani wawili ili samaki wajifiche humo, yale majira ya baridi ya 1974 maji yalipopungua, vidole vimekufa ganzi. Alama za mahali pale ziko katika vichwa viwili tu duniani. Marehemu Faye wangu nimemzika bila kumwambia, na aliniuliza mara nyingi. Oktoba nastaafu, narudi Sparkman. Huku sina mtu, Orville. Huko nina wewe na ile mierezi, basi.

Kwa hiyo niambie: ulivua wapi, na ulivua na nani?

Delmer


Sparkman, Tennessee
27 Juni 1991

Delmer, mtu mbaya wewe,

Mwenzako ashinde mara moja katika maisha yake, wewe unaazima kioo cha kukuzia! Ile fimbo fupi nimeipata mnadani. Mpini wake ni wa manjano, kama unataka kujua. Sasa lala usingizi.

Nilivua pale pale petu, ningevua wapi tena? Gizani mwa mwezi, maji ya uvuguvugu kama ya kuogea mtoto, upepo hakuna. Injini kubwa ilizimwa mbali, tukaingia kwa ile ndogo ya umeme kama tulivyozoea. Nilianza na chambo cha bati, kile cheusi chenye jani moja la mviringo, maana usiku samaki haoni rangi, anasikia mtetemo na kuona kivuli. Wapi! Nikabadilisha, nikafunga mnyoo mweusi wa plastiki wa inchi kumi, nikawa nauburuta juu ya matawi polepole. Ukigusa tawi unausimamisha, unahesabu mpaka kumi. Nimekaa zangu nyuma, kikombe cha kahawa kati ya magoti, mara mshipi ukaenda pembeni. Niliuona kwa ile taa ya zambarau, inaufanya mshipi ung'ae kama uzi wa moto. Nikavuta. Alipiga maji nikadhani kuna mtu ameanguka, jaketi langu la kuokolea likalowa mpaka shingoni.

Watano tuliwapima, wakaandikwa, tukawarudisha majini wote. Yule mama mkubwa nilimshika mdomo mpaka akapata nguvu, akanimwagia maji usoni akaenda zake.

Jambo jingine, taa ya nyuma siku hizi siizimi. Ziwa limejaa vijana wa boti za kasi. Ninaiacha iwake.

Nadine wangu anakusalimu. Ametengeneza pudini ya ndizi, akasema laiti ungekuwapo.

Orville


Dayton, Ohio
5 Julai 1991

Orville,

Barua yako nimeisoma mara sita. Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya sita nilikuwa nimekaa kitandani, viatu sijavua.

Ulikaa nyuma? Boti ni yako! Tangu lini mwenye boti akakaa nyuma? Mbele anakaa anayeendesha, ndiye anayeichagua njia na kurusha wa kwanza, na nyuma anakaa mgeni anayeokota makombo. Mimi nimekaa nyuma yako miaka kumi na saba, nakijua kile kiti kuliko kitanda changu. Kama wewe ulikuwa nyuma, nani alikuwa mbele?

Halafu taa ya zambarau. Si wewe uliyesema pale dukani kwa Clyde, watu wote wakisikia, kwamba taa hiyo ni ya wanaume wasiojua kuhisi mshipi kwa kidole? Na jaketi! Jaketi ulikuwa unalikalia. Leo mtu amekuvalisha mpaka shingoni na wewe umetulia.

Lakini vyote hivyo ningevimeza. Kilichonikaa kooni ni taa ya nyuma. Miaka yote tukifika pale tunazima kila kitu, sheria ipende isipende, ili mtu asione tumesimama wapi. Leo unawasha taa nyeupe juu ya mierezi yetu wilaya nzima itazame! Anayefanya hivyo hana tena siri ya kulinda.

Nitamtaja mwenyewe. Ni Wendell Stroud. Amekuwa akitufuata na darubini yake na sigara yake tangu mwaka wa themanini. Je, umempa Wendell alama zetu? Nijibu ndiyo au hapana, usinizungushe.

Delmer Scoggins


Sparkman, Tennessee
12 Julai 1991

Delmer,

Hapana. Si Wendell.

Umeanza kusaini jina lako la ukoo, kana kwamba unaniandikia kampuni ya bima. Imeniuma, nakwambia wazi.

Yapo mambo mtu humwambia mwenzake akiwa anamtazama usoni. Hili ni mojawapo. Sitaliandika kwenye karatasi. Njoo Oktoba, tutakaa barazani kwangu, nitakueleza lote, na ukitaka kunitukana utanitukana. Mpaka wakati huo nakuomba uniamini, kama nilivyokuamini wewe uliponiamsha Machi ile ya mierezi, barafu ikiwa bado ukingoni, ukasema twende.

Orville


Dayton, Ohio
20 Julai 1991

Mzee wangu Orville,

Nisamehe, joto lilinipanda kichwani. Tuyaache. Mimi huku nimepewa zamu za ziada mpaka mwisho wa Agosti, sitatoka hata Jumapili.

Niambie tu, nipate kitu cha kuwazia nikiwa kwenye mashine: giza la mwezi wa Agosti utakwenda? Siku gani?

Rafiki yako,
Delmer


Sparkman, Tennessee
29 Julai 1991

Delmer,

Umenifurahisha sana. Ijumaa tarehe tisa, kuanzia saa nne usiku, nitakuwa pale. Ningependa sana ungekuwapo.

Orville


Sparkman, Tennessee
13 Agosti 1991

Shemeji Delmer,

Ni mimi Nadine. Nimepiga simu nyumba unayopanga mara mbili tangu Jumamosi, mwenye nyumba akasema hajakuona, nikajua ni zile zamu zako. Basi nakuandikia.

Orville yuko hospitali. Yu hai. Bega limevunjika na mbavu tatu, na maji yaliingia kifuani lakini daktari anasema yametoka.

Najua mmekuwa mkigombana. Alinionyesha barua zako, na kila moja alikuwa anataka kukujibu ukweli kisha anashindwa. Mimi nimechoka kunyamaza, kwa hiyo nakwambia. Orville haoni usiku. Ilianza kidogokidogo miaka miwili iliyopita, ikazidi ulipoondoka. Daktari wa Nashville anasema ni ugonjwa wa damu ya ukoo wao, unaanza na giza, baadaye utakula na mchana. Saa ya kuku kulala ikifika, yeye ananishika mkono kutoka barazani kwenda jikoni. Alinikataza nisikwambie. Alisema, "Delmer akijua hatarudi. Atakwenda kukaa kwa Inez, maana nani anarudi nyumbani kuvua na kipofu?" Nikamwambia humjui mwenzako. Akasema anakujua kuliko mimi ninavyokujua. Ndivyo alivyo akishikwa na woga, maneno yanampindukia.

Kwa hiyo anayekaa mbele ya boti ni mimi. Fimbo ya manjano ni yangu. Jaketi ni sharti langu, na taa ya nyuma pia, nilimwambia bila hivyo siendeshi. Alama zenu ninazijua: taa nyekundu ya tangi la maji juu ya taa ya msalaba wa Wabaptisti, na huku taa ya bwawa juu ya taa ya pampu ya mafuta. Jozi zote mbili zinapojipanga, taa moja juu ya nyingine, ndipo pale. Sijamwambia mtu, hata dada zangu.

Ijumaa tulikwenda taratibu, taa zote zikiwaka, ile kamba ya kuzima injini nimejifunga mkononi. Nilizifuata alama, macho juu kwenye taa, naona zinakaribiana. Nikapunguza mwendo zaidi. Orville akasimama kule nyuma kutafuta fimbo yake. Ghafla nikaona cheche nyekundu mbele yangu, ndogo, kama ya sigara, karibu kiasi cha kuigusa. Nikakata usukani wote. Ubavu wetu ukakwaruza kitu kigumu, mimi nikaangukia sakafuni, kamba ikachomoka injini ikazima, na Orville hakuwamo tena kwenye boti. Injini isingezima, lile panga lake linalozunguka majini lingempitia, maana alikuwa hapo hapo nyuma yake.

Jaketi lilimleta juu. Lakini shemeji, alikuwa hajui boti iko upande gani! Alikuwa anaogelea kwa mkono mmoja kwenda kusiko, nami napiga kelele, "Orville, huku! Huoni, fuata sauti yangu, huku!" Alikuita wewe. Mara mbili, "Delmer! Delmer!" Maumivu humchanganya mtu.

Na ile boti nyingine ilikuwa pale pale, imezima taa zote. Nilimwomba aliyemo anisaidie. Hakusema neno. Nikasikia injini ndogo ya umeme ikinong'ona, ikaenda zake. Nimemvuta mume wangu ndani peke yangu, nina miaka sitini na mbili.

Askari wa ziwa amemshika Wendell Stroud. Anavuta sigara, na boti yake ina mkwaruzo ubavuni. Anaapa alikuwa nyumbani na mama yake, lakini mama mwenyewe hakumbuki hata siku gani ya juma. Jumapili kanisani watu waliinuka kwenye benchi lake wakahamia jingine. Orville anasema tusimshitaki mtu, eti hawezi kusema ameona nini. Mimi nataka ashitakiwe. Wewe umemshuku miaka mingi kwamba anawafuata. Mwandikie askari barua ueleze hivyo, itasaidia. Nakuomba.

Shemeji yako,
Nadine Tackett


Dayton, Ohio
19 Agosti 1991

Shemeji Nadine,

Usimshitaki Wendell. Aliyekuwa kwenye ile boti ni mimi.

Zamu za ziada zilikuwa uongo. Alhamisi niliendesha gari mpaka kwa binamu yangu ng'ambo ya ziwa, nikaazima boti yake, nikamwambia nakwenda kuvua kambare. Ijumaa saa tatu nilikuwa tayari juu ya mierezi, nguo nyeusi, taa zote nimezima, tochi kubwa mapajani. Nia yangu ilikuwa mkisimama tu niwamulike usoni. Nilitaka kuona sura ya Wendell mbele ya boti, na sura ya Orville nyuma yake. Nilikuwa nimekwisha panga na la kusema, nimelifanyia mazoezi njia nzima.

Niliziona taa zenu mbali, nyekundu na kijani. Nikawasha kiko changu nitulie. Hiyo ndiyo cheche uliyoiona. Sikufikiri kwamba mtu anayezifuata alama vizuri atakuja moja kwa moja juu yangu. Kwa miaka yote tulipokuwa tunazima taa pale, halikunijia hata siku moja kwamba anayekuja naye anaweza kuwa mtu wetu.

Halafu nikasikia sauti ya mwanamke. Nikasikia, "Huoni, fuata sauti yangu." Shemeji, nilielewa yote pale pale, kiti cha nyuma, jaketi, taa ya zambarau, yote kwa neno moja. Na nilipomsikia akiita jina langu, nilijua hajachanganyikiwa. Amenusa tumbaku yangu. Hakuna mwingine ziwani anayevuta ile yenye harufu ya cheri.

Ulinikosa kwa urefu wa mkono. Umeniokoa, nami nikakukimbia. Nilisimama umbali mdogo gizani mpaka nikasikia unamburura ndani na yeye anatukana, nikasema moyoni, akitukana yu mzima. Huo ndio ujasiri wote niliokuwa nao. Sikufunga jaketi, sikuwa na taa, ningeweza kufa mimi na kuwaua nyinyi, na woga wangu mkubwa ulikuwa kwamba atauona uso wangu. Mtu asiyeona!

Nikarudi huku siku ile ile. Simu ililia, sikuipokea, nikamwomba mwenye nyumba aseme sipo. Barua yako imekaa mezani siku mbili. Ningenyamaza, nakiri. Kilichonishinda ni lile benchi la Wendell.

Kesho asubuhi naondoka. Nitakwenda kwanza kwa askari wa ziwa, halafu kwa Wendell na mama yake. Kwenu sitafika mpaka mniite.

Sijui nisaini nani.

Delmer


Sparkman, Tennessee
9 Septemba 1991

Delmer,

Mkono wangu bado uko kwenye kitambaa, Nadine ndiye anayeandika. Nimemwambia asiongeze wala asipunguze, naye ameninyamazisha kwa jicho, nami mchana bado naliona.

Askari amenieleza ulivyosimama mbele yake. Nasikia umepigwa marufuku kugusa usukani wa boti kwa miaka miwili. Ni haki. Wendell amerudishiwa boti yake, nami nimekwenda kwake kumwomba radhi, kwa sababu nilijua si yeye tangu usiku ule na nikamwacha akae kwenye benchi peke yake majuma mawili. Nilimwambia askari siwezi kusema nimeona nini. Ilikuwa kweli, na ilikuwa ujanja. Nilikuwa nakusubiri wewe useme mwenyewe. Ungechelewa juma moja zaidi ningesema mimi.

Ile tumbaku niliinusa kabla boti haijakata kona. Nilifurahi, Delmer. Kabla ya maumivu nilikuwa nimeanza kufurahi. Nilikuita kwa sababu nilidhani utaitika. Hilo ndilo linaloniuma, bega linapona.

Nami nina langu. Ningekwambia Mei kwamba macho yananififia, usingekaa na kioo cha kukuzia Juni. Nilikunyima neno moja, ukalijaza wewe mwenyewe na Wendell.

Sasa sikiliza nilichofanya. Nimesema hakuna mtu atakayezima tena taa pale kwa ajili ya siri yangu. Alhamisi Nadine aliandika alama zote nne kwa wino mweusi, herufi kubwa, tangi juu ya msalaba, bwawa juu ya pampu, kina futi kumi na nane, mierezi thelathini na moja, jina langu chini. Tukaibandika karatasi hiyo dukani kwa Clyde, mlangoni, mbele ya kila mtu. Wakasogea, wakasoma. Clyde akauliza, "Orville, una homa?" Mwingine akasema, "Huyu mzee anataka kutupeleka wote kule ili abaki peke yake kwingine."

Jumamosi usiku ya mashindano zilitoka boti ishirini na sita. Nadine aliniendesha mpaka pale, taa zote zinawaka. Tulikaa mpaka alfajiri. Hakuja hata mtu mmoja! Wote walikuwa upande wa pili wa ziwa wanatafuta mahali nilipoficha kweli. Nadine alicheka mpaka akashika ubavu, mimi mbavu zangu hazikuniruhusu.

Njoo Oktoba. Nitahitaji mtu wa kunisomea ziwa wakati Nadine amechoka kunisomea.

Orville

Delmer, hapa chini ni mimi Nadine, na yeye sijamsomea. Yeye amekusamehe, nadhani alikusamehe akiwa bado majini. Mimi bado. Nilipokuwa nakuomba msaada ulikuwa karibu kiasi kwamba nilisikia unavyopumua. Pengine nitakusamehe, sijui lini. Nitakuwekea sahani mezani kwa sababu anakupenda. Ila ukija, njoo mchana, na upige honi kuanzia barabara kuu, nikusikie unakuja.

Nadine